Fundi Pindo Alivyoatamia

Suruali yangu hii ya kaki ina viraka vitatu, na vyote ni vya Fundi Pindo. Ukivitafuta kwa macho huvioni, mpaka upitishe kidole. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu hata ukimpelekea gunia alishone mdomo, atalikunja pindo kwanza, alipige pasi, ndipo alishone. Nguo isiyo na pindo, husema, ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila kunawa uso.

Mimi tangu niache kazi ya kupaka rangi nyumba sina pa kukaa mchana, basi huzunguka. Nakaa kidogo kwa kinyozi, nakaa kidogo kwa muuza mkaa, na jua likishakuwa kali naishia kwenye benchi la Fundi. Chumba chake cha kazi kina cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia, kioo kilichopasuka kona moja, na harufu ya pasi ya mkaa. Mlango wa mbele unatazama barabara. Mlango wa nyuma unatazama ua, na katikati ya ua kuna bomba, na bomba ni la Mama Ndoo. Si lake la kumiliki. Ni lake kwa maana kwamba yeye ndiye ameshika ufunguo, yeye ndiye anayeuza maji, na yeye ndiye anayejua nani kaoga na nani kajipaka mafuta tu.

Marehemu mke wa Fundi alikuwa na kuku wa kishingo. Unawajua, wale ambao shingo haina manyoya hata moja, nyekundu tupu, utadhani wamenyolewa na kinyozi mwenye hasira. Mimi sikuwapenda kwa sura. Yeye aliwapenda mno, mbegu alipewa na mama yake siku alipoolewa, na alikuwa akiwasemesha kama wageni wa heshima. Alipofariki, Fundi akawalea vile alivyoweza. Kisha ukapita ugonjwa wa kuku ukawafagia wote. Ua ukabaki na kuku wa Mama Ndoo peke yao, ambao shingo zao zimevaa.

Basi mwaka huu mama mkwe wake akaja na kikapu. Ndani ya kikapu pumba za mbao, ndani ya pumba mayai. Alikipakata mapajani mwendo wote wa safari kama mtoto mchanga. Akakitua juu ya meza ya kukatia, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuku wake wa kishingo aliyebaki ni huyo huyo mmoja, amezeeka, na haya yanaonekana ndiyo mayai yake ya mwisho.

"Ni kuku wa mwanangu hawa, baba. Nisingempa mtu mwingine. Wakianguliwa niite nije niwaone."

Fundi aliyapokea kwa mikono miwili. Mtu ambaye ni mkwe wako akikuambia hivyo, utafanya nini kingine?

Lakini hakuwa na kuku wa kuyalalia. Mama Ndoo ndiye aliyekuwa naye, kuku mmoja mweupe, mnene, ambaye wiki ile alikuwa ameacha kutaga, amevimba manyoya, analalia mawe na vifuniko vya chupa, ukimsogelea anakunguruma. Mama Ndoo alimwita Shangazi. Nilimuuliza kwa nini Shangazi, akanijibu kwamba kila akiingia chumbani kwake anakagua kila kona, halafu anatoka hajaridhika.

Fundi akaenda kumwazima. Mama Ndoo hakusumbua. Alisema sawa, ila vifaranga wawili watakuwa wake, maana mbegu hiyo ameitamani siku nyingi. Jua lilipozama akamleta Shangazi kwapani, wakamtengenezea boksi chini ya meza ya kukatia, wakalitandika vipande vya vitambaa. Yeye mwenyewe Mama Ndoo ndiye aliyempa Fundi ushauri wa kuyatia mayai alama, kwa sababu kuku wengine wa ua ule hawana adabu, wanaweza kuingia wakatagia humo humo, na yakichanganyika hujui lipi lilianza lini. Ukiona lisilo na alama, alisema, ondoa, ni la mgeni.

Hakusema alama ya nini. Nadhani hakuona haja. Fundi akatoa kwenye mfuko wa shati chaki yake ya bluu, ile bapa, akatia kila yai kimsalaba kidogo, kizuri, kama anachotia mahali pa kifungo. Nilikuwapo. Nilisifia hata ule unadhifu.

Siku zikaenda. Shangazi alikaa pale kama mwenye nyumba. Cherehani ikipiga kelele juu ya kichwa chake, yeye katulia. Kila asubuhi Fundi alipotoka kupeleka nguo za watu, Mama Ndoo aliingia kwa mlango wa nyuma, akampa kuku wake maji na punje za mahindi, akamngoja anyooshe miguu, akamrudisha. Alikuwa na ufunguo, Fundi mwenyewe alimpa.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika. Zilikuwa zimebaki siku chache kuangua. Shangazi alitoka kidogo uani kujisaidia, Fundi akapiga magoti akachungulia boksi. Mayai manne yalikuwa na misalaba, hafifu lakini ipo. Mengine yote meupe, hayana kitu.

Aliganda pale na futi yake ya kupimia shingoni. Kisha akaniita nami nitazame. Nikatazama. Nikasema labda kuku wengine wametagia humo. Akaniuliza, kama wengine wametagia, basi yangu yamekwenda wapi?  Nilimwona anavyopiga hesabu usoni: nani ana ufunguo, nani huingia nikiwa sipo, nani alisema ameitamani mbegu siku nyingi. Ningemshika mkono. Sikumshika, na nilikuwa nimekaa karibu.

Akayatia yale meupe kwenye bakuli, akatoka nayo uani. Bombani kulikuwa na foleni ya wanawake na ndoo zao. Akalitua bakuli miguuni pa Mama Ndoo.

"Mayai yako haya. Yangu nirudishie."

Mama Ndoo akafunga bomba kwanza. Akamuuliza anasema nini.

"Nilikuja kwako kuazima kuku, Mama Ndoo," Fundi akasema, na sauti yake, ambayo siku zote ni ya mtu mwenye pini mdomoni, siku ile ilisikika mpaka barabarani. "Mkono mrefu sikuuazima."

Kuna mwanamke alicheka, kicheko cha kushtuka. Maji yakasikika yakidondoka. Mama Ndoo akainama, akachukua yai moja, akaliweka sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Akalishika vile muda mrefu kidogo.

"Hili lina mtu ndani, Fundi," akasema.

Fundi akamgeuzia mgongo. Hakusikia, au alisikia akaona ni maneno ya kujitetea. Haukupita muda Mama Ndoo akaja kwa mlango wa nyuma, akainama chini ya meza, akamnyanyua Shangazi, akaondoka naye. Hakutupa jicho, si kwa Fundi si kwangu. Ufunguo aliuacha juu ya meza ya kukatia.

Basi Fundi akabaki na mayai manne na hana kuku.

Jaribio la kwanza lilikuwa pasi. Alitia makaa, akaisogeza karibu na boksi, akarudi kwenye cherehani yake. Tulipata habari kwa pua. Yai lililokuwa karibu zaidi liliiva, na chumba kizima kikanuka yai la kuchemsha. Yakabaki matatu. Fundi alilitazama lile lililoiva kwa muda, akalifunga kwenye kitambaa kama maiti, akatoka nalo mwenyewe.

Kesho yake nilimkuta amekaa wima kwenye kiti chake, hafanyi kazi. Miguu haikanyagi, mikono iko juu ya meza. Nikamuuliza kama mgongo unamuuma. Akasema hapana. Nikaona tumbo lake limetuna kwa namna isiyo ya kula. Alikuwa amejifunga kitambaa kipana kiunoni, juu ya fulana, na ndani ya kitambaa mayai yake matatu.

"Fundi," nikasema, "unaatamia?"

"Mzee wangu, niache."

Nikamwacha. Ila nikuambie, si jambo jepesi kukaa benchi moja na mwanamume anayeatamia na usiseme neno. Akiinama anainama kama mjamzito. Akitaka mkasi ananiomba nimpe. Hulala chali, aliniambia, na mikono yote miwili juu ya tumbo, anaogopa kugeuka.

Kesho yake nilikuta mlango wa mbele umeshushwa nusu. Nikainama nikaingia. Fundi alikuwa amesimama mbele ya kioo chake kilichopasuka, shati amelivua, kitambaa amekifungua. Mayai matatu yako kwenye kiganja. Alikuwa anaitazama fulana yake. Fulana nyeupe, na tumboni imepakaa bluu, bluu tupu, kama ukuta uliosuguliwa na mtoto wa shule.

Akanionyesha mayai. Hayakuwa na alama. Hata moja. Meupe kama yale ya kwenye bakuli.

Nilikuwa mwepesi wa mdomo, nikasema, "Haya, na humo tumboni nani ameingia kukuibia?"

Nilijutia papo hapo. Fundi alikaa chini, sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. Akachukua chaki mfukoni mwa shati, akajichora mstari kwenye kiganja, akapitisha kidole gumba mara moja. Mstari ukapotea. Mimi nimekaa benchi lile miaka, nimemsikia akiwaambia wateja wenye wasiwasi, usiogope, hii ni chaki, ukisugua kidogo inatoka, haitaacha doa. Ndiyo kazi yake chaki ile. Imetengenezwa ili itoke. Na kuku anayelalia kazi yake ni kuyageuza mayai na kuyasugua kwa tumbo, kutwa kucha.

"Yote yalikuwa yangu," akasema.

 Niliondoka nikiwa nimeinama chini ya ule mlango, na nadhani ningeinama hata kama ungekuwa wazi.

Ungedhani angekwenda saa ile ile. Hakwenda. Aibu si kitu kinachokupa miguu. Alianza kuchota maji bomba la mbali, lile la karibu na shule, anapita na ndoo yake barabara nzima, mtu mzima. Mama Ndoo akipita mbele ya mlango wa nyuma, Fundi anainama chini ya meza kutafuta sindano ambayo haijaanguka. Alishona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa kulia. Na wale wanawake wa bombani walikuwa wameshalishika lile neno lake. Mmoja akimwomba mwenzake sufuria, anaongeza, "sufuria tu, mkono mrefu sikuuazima," wanacheka. Fundi alikuwa anasikia kila kitu, ukuta wenyewe ni wa mbao.

Kilichompa miguu ni mwalimu wa kike aliyekuja kujaribu blauzi. Fundi alikuwa anampima bega, amesimama nyuma yake, pini mdomoni, na mayai bado tumboni. Pakasikika sauti. Nyembamba, ya mbali, kama mtu anayeita ndani ya chupa. Mwalimu akageuka.

"Fundi, hiyo ni njaa ya namna gani?"

Sauti ikaita tena. Mwalimu akalitazama tumbo la Fundi, akanitazama mimi, mimi nikatazama dari. Kifaranga akikaribia kutoka, huanza kuita akiwa bado ndani ya ganda, na mama yake humjibu kwa kukoroma. Huyu alikuwa anaita na hakuna anayejibu. Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye shati lake. Akamwomba mwalimu radhi, arudi kesho. Akafungua kitambaa, akaviweka vitu vyake vitatu ndani ya kofia yake, akavifunika, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilisimama mlangoni nikaona. Foleni ya bombani ilikuwapo, ile ile. Mmoja akasema si kwa sauti ndogo, "Fundi kaja kuazima tena."  Alisimama mbele ya Mama Ndoo na kofia mikononi na mdomo wake ulikuwa unafunguka na kujifunga. Nilijua alichotaka kusema, maana alikuwa amekijaribu mbele ya kioo. Kikatoka kitu kingine.

"Haya nayo," akasema, akanyoosha kofia.

Mama Ndoo akaipokea, akachungulia, akaweka sikio. Akamwambia amfuate ndani, asisimame juani na mayai. Kwenye kona ya chumba chake Shangazi alikuwa kwenye beseni kuukuu, na chini yake, Fundi aliniambia baadaye, palikuwa na vichwa vya vifaranga. Yale mayai meupe ya kwenye bakuli Mama Ndoo aliyafunga siku ile kwenye khanga, akayakalisha karibu na jiko mpaka alipokwenda kumchukua kuku wake. Hakumchukua Shangazi kwa kulipiza kisasi. Alikuwa anamhitaji, ayalalie. Mawili hayakustahimili. Yaliyobaki yalianza kuanguliwa asubuhi hiyo, vifaranga wenye shingo tupu, wekundu, wabaya kama wazazi wao.

Akamnyanyua Shangazi kidogo ili ayaingize matatu ya Fundi, na kabla hajamshusha akamgeuza, akamwonyesha Fundi kifua chake. Manyoya meupe yote yalikuwa bluu.

"Shangazi kavaa sare ya shule," akasema Mama Ndoo. "Nilimwona hivi tangu siku ile nilipomtoa kwako."

Fundi akamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningekuja kukwambia nini, Fundi? Ulishasema wewe."

Hapo ndipo lile neno la kuomba radhi lilipaswa kutoka. Halikutoka. Alirudi chumbani kwake akaketi, akaniambia mambo haya yote kwa utulivu, kama mtu anayesoma vipimo vya mtu mwingine.

Katika yale matatu, wawili walitoka. Mama mkwe akapelekewa habari, na naye hakuchelewa. Siku ya kuja kwake, Fundi alinyoa ndevu, akafagia, akakaa. Nilijua anachohofia. Boksi chini ya meza lilikuwa tupu, na yule mama angeuliza kuku wa mwanangu wako wapi.

Lakini alipoingia yule mama na kuketi kwenye benchi langu, na Fundi kumwamkia na kuitikiwa, mlango wa nyuma ukasukumwa, akaingia Mama Ndoo na Shangazi kwapani na beseni lenye vifaranga mkono wa pili. Akawatua chini ya meza, kwenye boksi lao, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake. Akasema alikuwa amewatoa tu nje kidogo waote jua.

Mama mkwe akapiga magoti. Akanyanyua kifaranga mmoja, akampapasa shingo kwa kidole, akacheka peke yake, kisha akafuta macho kwa upande wa khanga.

"Ndio hawa," akasema. "Baba, una mkono. Kweli una mkono wa kufuga."

"Anao, mama," akasema Mama Ndoo. "Mkwe wako ana mkono."

Hakusema kwa kejeli. Nilimtazama vizuri, na ninaujua uso wa mtu anayekejeli. Alikuwa anamsitiri. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza Fundi kuliko vicheko vyote vya bombani. Akainuka kwenye kiti, futi ikamponyoka shingoni ikaanguka, hakuiokota.

"Mama, mkono si wangu," akasema. "Mimi ningewaua wote. Nilitia alama kwa chaki, ikafutika, nikasema huyu ameniibia. Nilimwambia pale nje, mbele za watu, kwamba ana mkono mrefu. Nikamwekea mayai ya mwanao miguuni. Yeye ndiye aliyewalea. Na mpaka leo sijamwomba radhi." Akamgeukia. "Mama Ndoo, nilikukosea. Nilikukosea sana."

 Vifaranga tu ndio waliokuwa wanasema.

Mama mkwe akamrudisha kifaranga chini ya kuku, taratibu. Akamuuliza Mama Ndoo kama kweli aliambiwa hivyo, mbele za watu. Mama Ndoo akaitazama sakafu, akasema aliambiwa.

"Basi nami ni mama yake huyu," akasema yule mama. "Hiyo aibu tunagawana. Chagua wawili wako, mwanangu. Chagua wewe kwanza, sisi tutachukua utakaotuachia."

Mama Ndoo alikataa, akasihiwa, akapiga magoti naye. Hakuchagua walio wakubwa. Alichukua wale wawili waliotoka tumboni mwa Fundi. Aliwajua, mmoja alikuwa bado na bluu kidogo bawani. Akasema hawa ndio wenye mama wawili.

Nikacheka, mama mkwe akacheka, ingawa yeye hakujua bado habari ya tumbo. Fundi hakucheka. Aliinama chini ya meza ya kukatia, akaanza kupapasa vipande vya vitambaa kana kwamba anatafuta sindano, mgongo wake unatetemeka kidogo, na akabaki huko.

Mama mkwe akamngoja. Alipoona hatoki, akagonga meza kwa vidole.

"Toka huko, baba," akasema. "Sindano zote ziko shatini kwako."